Ushindi 17 Haukuiokoa Cincinnati

Tangu timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania ilipofika fainali ya Kombe la Afrika la futsal mjini Rabat, mwezi Aprili 2025, na kufungwa na wenyeji Morocco mabao 3 kwa 2, kandanda ya ukumbini imepata heshima mpya miongoni mwa wananchi. Safari hiyo iliwapatia wasichana wetu nafasi ya kwenda Ufilipino kwenye Kombe la Dunia la mchezo huo. Si ajabu basi wakiwapo wapenzi wa michezo hapa Visiwani wanaotamani kuona ligi ya kulipwa ikichezwa chini ya paa, pamoja na taa zake, viingilio vyake na wafadhili wake. Tamaa hiyo hatuilaumu. Lakini kabla Serikali haijaombwa kutia mkono mfukoni, ni vyema wahusika wakautazama msimu mmoja wa zamani katika nchi iliyotuzidi fedha, wakaona fedha hizo zilifanya nini na zilishindwa nini.

Nchi hiyo ni Marekani, na msimu wenyewe ni ule wa 1978-79, wa kwanza wa ligi ya kandanda ya ndani iliyojulikana kwa kifupi kama MISL. Mbegu yake ilipandwa Februari 1974, pale timu ya Jeshi la Kisovieti kutoka Moscow ilipocheza ukumbini mjini Philadelphia na watu wapatao 12,000 wakaja kutazama. Mfanyabiashara Ed Tepper alikuwa miongoni mwao. Alitoka pale na fikra ya biashara, na baadaye akashirikiana na wakili Earl Foreman kuiunda ligi.

Mchezo wao haukuwa futsal tuijuayo leo. Ulichezwa juu ya zulia la nyasi za bandia katika viwanja vya hoki ya barafu, watu 6 kila upande pamoja na mlinda mlango, kwa robo 4 za dakika 15. Pembeni hapakuwa na mistari ya kurushia mpira bali kuta za mbao, na mpira uligonga ukuta ukarudi mchezoni. Mkosaji alifungiwa kizuizini dakika 2 na wenzake wakacheza pungufu, kama ilivyo katika hoki. Mabao yalinyesha. Mtazamaji asiyeijua kandanda, na Wamarekani wengi wakati ule hawakuijua, hakupata nafasi ya kupiga miayo.

Mchezo wa kwanza ulifanyika tarehe 22 Desemba 1978 katika ukumbi wa Nassau, Uniondale, mbele ya watazamaji 10,386. New York Arrows waliifunga Cincinnati Kids mabao 7 kwa 2. Aliyeupiga mpira wa ufunguzi alikuwa Pete Rose, nyota wa besiboli na mmoja wa wenye hisa za Cincinnati. Uniondale, kwa taarifa ya msomaji, imo katika kisiwa cha Long Island, na timu ya hoki iliyokuwa na makao katika ukumbi huohuo iliitwa Islanders, yaani watu wa kisiwani. Kwa hiyo hata huko wana-kandanda walikuwa wapangaji katika nyumba ya wenzao.

Timu zilikuwa 6, na kila moja ilicheza mara 24. Houston ilishinda michezo 18, Cincinnati 17, New York 16. Philadelphia ilishinda 11, na Cleveland na Pittsburgh zikaburura mkia kwa ushindi 5 kila moja. Lakini ubingwa waliuchukua Arrows walioshika nafasi ya 3, kwa kuifunga Philadelphia michezo miwili mfululizo katika fainali ya mwezi Machi 1979. Walikuwa na golikipa hodari, Shep Messing, na walikuwa na Steve Zungul.

Huyu Zungul tumtaje kwa kituo. Alikuwa mshambuliaji wa Hajduk Split ya Yugoslavia, akaondoka kwao bila ruhusa, na milango ya kandanda ya uwanja wa wazi ikafungwa mbele yake. Ligi ya ukumbini haikuwa chini ya FIFA, na huko ndiko alikopata pa kuchezea, akawa mchezaji bora wa msimu ule. Sisi Wazanzibari, tuliopokelewa CAF Machi 2017 kuwa mwanachama wa 55 na kuvuliwa uanachama huo Julai ya mwaka huohuo, hatuhitaji kufundishwa thamani ya mlango wa pembeni.

Sasa tuje kwenye hesabu. Cincinnati, pamoja na ushindi wake 17, ilivunjwa mara baada ya msimu ule mmoja. Houston, iliyoongoza timu zote, ilihamishwa mwaka 1980 kwenda Baltimore na kupewa jina jingine. Philadelphia ilikufa 1982. Arrows walichukua ubingwa mara 4 za mwanzo, na mwaka 1984 wakatoweka nao. Pittsburgh ilifuata 1986, Cleveland 1988, na Julai 1992 ligi yenyewe ikafungwa.

Tunasema wazi kwamba maradhi hayakuwa uchache wa watazamaji peke yake. Mwaka 1987, mchezo wa mwisho wa fainali baina ya Tacoma na Dallas uliangaliwa na watu zaidi ya 21,000. Timu hizo zilikuwa mali ya matajiri, na tajiri alipochoka kulipa hasara, mashabiki hawakuwa na la kusema. Alizifunga kama mtu anavyofunga duka, au akazihamisha.

Klabu zetu, pamoja na ufukara wake, hazikuzaliwa hivyo. Malindi ni mtaa kabla ya kuwa timu, na Mlandege vilevile. KMKM na JKU ni vikosi kabla ya kuwa timu. Kufungwa mechi kumi hakuufuti mtaa, na hakuna wa kuuhamishia mji mwingine. Ndiyo sababu hatuoni busara ya kuleta ligi ya kulipwa iliyoundwa mezani, yenye timu za majina mapya zisizo na mtaa wala shule nyuma yake, na kuipa ligi hiyo saa bora za kumbi za umma.

Tunaiomba Wizara inayohusika na michezo ianzie kwenye saa hizo. Kila ukumbi wa umma, Unguja na Pemba, utenge jioni zake kwa skuli na timu za mitaa bila ya malipo, na wasichana wawe na siku zao zisizoondolewa kila unapotokea mkutano au harusi. Ratiba ibandikwe mlangoni na isainiwe na ofisa mwenye jina, ili mzazi anayemsindikiza mwanawe kutoka Chake Chake au Makunduchi ajue wa kumuuliza akikuta ukumbi umefungwa.