MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA: Nishani Moja, Watu Wanne



Mwezi huu tuache pamba kidogo, tuzungumze juu ya nishani. Nishani ni kipande kidogo cha madini chenye utepe. Askari hupewa kwa ushujaa, akaivaa kifuani. Huenda hapa Shinyanga au kule Geita iko moja katika sanduku la babu yako.

Zamani jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki liliitwa KAR. Wazee wetu waliliita Keya. Kikosi chake cha sita kilikuwa cha Tanganyika. Mwaka 1941 askari wake walikuwa Uhabeshi wakipigana na Waitaliani.

Tarehe 19 Mei 1941 kombania mbili zilivuka mto Bilate, mahali panapoitwa Colito. Zilikuwa na silaha ndogo tu. Ghafla vifaru vya Waitaliani vikatokea porini.

Kifaru ni gari la vita la chuma, lenye mzinga. Hutembea kwa minyororo. Risasi ya bunduki hugonga ikaanguka. Lakini walio ndani huona nje kwa tundu jembamba. Mtu akipanda juu yake, ni vigumu kumwona na kumpiga.

Sajenti Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, alikuwa anapiga mzinga mdogo. Makombora yakamwishia. Akakimbia mbele, akarukia kifaru kimoja, akafungua kifuniko kwa nguvu. Kwa bastola akampiga mkuu wa kifaru na wenzake, akamwacha dereva. Akamlazimisha kukiendesha hadi mafichoni. Akajaribu mzinga wa kifaru hicho, ukakataa. Akashuka kuvifuata vingine kwa miguu.

Hapa soma polepole. Hakwenda peke yake. Alikwenda na Sajenti Meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Vifaru viwili vikapita. Leakey akarukia cha tatu, akafungua, akaua mtu mmoja. Kifaru cha nne kikamfyatulia risasi, akafa. Wale watatu wakatambaa wakarudi salama.

Mwaka 1945 Waingereza walitangaza kumpa marehemu Leakey Msalaba wa Victoria, nishani yao kubwa kuliko zote za ushujaa vitani. Alistahili, simnyimi. Lakini hati ya nishani hiyo inawataja wale Waafrika watatu bila majina. Kwangu mimi hilo ni deni. Mtu aliyevinyemelea vifaru kwa miguu ana jina, ana mama, ana kijiji.

Baadaye vifaru vikawa vyetu. Katika vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, jeshi letu lilikuwa na vifaru vya China vya tani 36. Ndani hukaa watu wanne: mkuu, mpigaji mzinga, mpakiaji na dereva. Mna joto, kelele na harufu ya baruti. Mchimbaji wa Geita aliyewahi kushuka katika shimo jembamba anaweza kukisia. Mmoja akikosea, wote wanne wako hatarini. Waliopigana waliwekewa Nishani ya Kagera. Mgambo wa vijijini nao walikwenda.

Sasa wewe unajua kuandika. Kama jirani yako ni mzee aliyekwenda Kagera, mwamkie, ukae naye. Muulize kikosi chake, mahali na mwaka. Kisha muulize nani alikuwa ubavuni pake. Andika majina yote, hata ya wasiorudi. Tumia wino, maana penseli hufutika. Na daftari usiliweke chini, mchwa hawachagui.