BWANA SHAMBA ANASEMA: Mche mweupe kitaluni



Mwezi huu sizungumzi juu ya samadi wala wadudu. Nazungumza juu ya ngozi ya binadamu, na ugonjwa wa saratani, ambao wengine huuita kansa. Usishangae. Swali lenyewe nililetewa shambani.

Nilikuwa katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini ya Unguja. Nilikuwa nikiwafundisha wakulima kutengeneza mboji. Somo lilipokwisha, mama mmoja alibaki nyuma. Alikuwa amemshika mkono mtoto wake wa miaka minne. Mtoto huyo ana ualbino. Mama analima mwani.

Akaniuliza: "Bwana shamba, wewe unajua mambo ya mbegu. Mimi mweusi. Mume wangu mweusi. Wazee wetu wote weusi. Huyu katoka wapi?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba mumewe ameondoka nyumbani. Anasema mtoto si wake.

Nilimjibu kwa jambo ninalolijua. Ukipita kwenye vitalu vya mpunga, kama vile vya bonde la Cheju, pengine utaona mche mmoja mweupe kati ya miche ya kijani. Mpunga uliozaa mbegu hiyo ulikuwa wa kijani. Hakuna aliyeuloga mche huo.

Ndani ya kila mbegu yamo maagizo ya namna ya kukua. Maagizo hayo huitwa jeni. Kila agizo liko mara mbili. Moja limetoka upande wa baba, na moja limetoka upande wa mama. Binadamu ni vivyo hivyo. Agizo moja likiwa na kasoro, la pili hufanya kazi. Mtu huyo huwa na rangi kama wenziwe, wala hajui alichobeba. Lakini mume na mke wakiwa wote wawili wamebeba kasoro katika agizo la rangi, mtoto anaweza kupata kasoro kwa baba na kasoro kwa mama. Hapo mwili hautengenezi rangi, au hutengeneza kidogo sana.

Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua vikombe viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Tia katika kila kikombe kunde moja nyekundu na kunde moja nyeupe. Kunde nyeupe ndiyo kasoro. Funga macho. Toa kunde moja katika kila kikombe. Ukipata nyeupe mbili, huyo ndiye mtoto mwenye ualbino. Zirudishe, toa tena. Ukirudia mara nyingi sana, utaona nyeupe mbili hutoka kama mara 1 katika kila mara 4. Lakini hakuna zamu. Kila uzazi ni kufunga macho upya. Wapo wazazi wenye watoto 2 wa namna hiyo wanaofuatana, na wapo waliobeba kasoro wote wawili wasipate hata mmoja.

Sasa tazama tena vikombe vyako. Kikombe kimoja peke yake hakiwezi kutoa kunde nyeupe mbili. Baba na mama wote wametia mkono. Rangi ya mtoto haimshitaki mama.

Wala jambo hili si geni kwetu. Inakadiriwa kwamba Tanzania mtu 1 katika kila 1,400 hivi ana ualbino. Ulaya na Marekani ni mtu 1 katika kila 17,000 hadi 20,000. Mwaka 1995 wataalamu walieleza walichokiona kwa watu wa Tanzania wenye ualbino waliopimwa. Wengi walikuwa na kasoro ile ile moja: kipande kimoja cha jeni iitwayo OCA2 kimekatika. Kasoro hiyo hiyo imeonekana katika nchi nyingine za Afrika. Basi ni urithi wa zamani sana, nao umepita kwa mababu wengi bila ya kujulikana. Mume na mke wa ukoo mmoja ni rahisi zaidi kuwa wameibeba wote wawili.

Mche mweupe kitaluni hufa, kwa sababu mmea hujipatia chakula kwa kutumia ule ukijani wake. Mtoto hafi. Yeye anakula, anakua, anasoma, ataoa au kuolewa. Alichokosa ni mwavuli. Rangi ya ngozi ni mwavuli wa mwili. Jua likipenya ngozi isiyo na mwavuli, huharibu maagizo yaliyomo ndani ya ngozi. Mwili hutengeneza palipoharibika, lakini jua hurudi kesho na kesho kutwa. Baada ya miaka, sehemu moja ya ngozi hupoteza agizo la kuacha kukua. Huanza kutambaa kama ndago katika konde. Hiyo ndiyo saratani.

Kwa hiyo elewa vizuri, ndugu msomaji. Mtoto huyu hakurithi saratani. Alirithi ngozi isiyo na kinga, na saratani huletwa na jua. Urithi huwezi kuubadilisha, lakini jua unaweza kulizuia.

Mwaka 1985 Dakta Luande na wenziwe wa Dar es Salaam waliandika habari za watu 350 wenye ualbino. Walionyesha kwamba ngozi huanza kuharibika tangu utotoni, na saratani huja mtu akiwa bado kijana. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka mwenzangu mmoja. Tulisoma pamoja cheti cha kilimo. Alikuwa na ualbino, na alikuwa hodari kwa jembe kuliko sisi sote. Alitoka kidonda juu ya sikio. Kilikauka, kikatoka damu, kikakauka tena. Sisi wenziwe tulimwambia ni jua tu, apake mafuta ya nazi. Alikaa nacho zaidi ya mwaka. Alipofikishwa Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ulikuwa umeshaingia shingoni. Alizikwa kabla ya kutimiza miaka 30. Ushauri ule wa mafuta ya nazi niliutoa mimi.

Mafuta ya nazi hayatoshi kuzuia jua. Yapo mafuta maalumu, na mengine yametengenezwa hapa hapa Tanzania, mjini Moshi. Uliza kituo cha afya. Lakini usikae ukingojea mafuta. Kofia pana ya ukili, inayofunika masikio na shingo, husukwa na mama zetu kila siku. Shati la mikono mirefu, la kitambaa kizito, linapatikana. Mtoto avae hivyo tangu anapoanza kutambaa, hata siku ya mawingu. Skuli akae mbele, kwani macho yake pia ni dhaifu. Mchezo wa saa sita mchana uwe chini ya mwembe.

Mwani una tabu yake. Konde unaweza kulilima alfajiri na baada ya alasiri. Bahari haikungojei. Maji ya bamvua hutoka asubuhi, na jua likipanda wewe umo kati ya maji na mchanga mweupe. Jua linakupiga kutoka juu, na mng'aro wake unakupiga kutoka chini. Kofia peke yake haizuii mng'aro wa chini. Nilimwambia yule mama asimchukue mtoto pwani maji yakitoka. Amwache kwa bibi yake. Atakapokua, asipewe kazi ya mwani. Kitalu cha miche chini ya kivuli ni kazi nzuri, na mimi nitamfundisha.

Mtu mwenye ualbino akipata kidonda, gamba au kinundu kisichopona kwa mwezi mmoja, aende hospitali. Angalia uso, mdomo, masikio, shingo na mikono. Kikiwahiwa, hukatwa na mtu akapona.

Pengine utauliza: na saratani nyingine je, hurithiwa? Nyingi hazirithiwi. Hata zinazohusika na urithi, mara nyingi kinachorithiwa ni hatari, na hatari hazilingani. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani, waliokuwa wakichunguza kinyoo cha milimita 1, walieleza habari za maagizo mafupi sana. Leo huitwa maikro-RNA. Kazi yake ni kuziambia jeni nyingine "basi, inatosha", kama nyapara. Mwaka 2024 walipewa Tuzo ya Nobel. Watu hurithi maikro-RNA zinazotofautiana kidogo, na baadhi ya tofauti hizo zimeonekana kuongeza hatari ya saratani fulani. Lakini ni hatari ndogo, na uchunguzi wa nchi moja mara nyingi haukubaliani na wa nchi nyingine. Ualbino na jua si jambo la kubishaniwa namna hiyo.

Yule mama aliniomba kunde 4, mbili nyekundu na mbili nyeupe. Alizifunga katika pindo la kanga. Alisema anakwenda kwa mumewe, na atamchukua sheha awe shahidi. Nilimwandikia pia barua ya kumpeleka mtoto Mnazi Mmoja akaangaliwe ngozi na macho.

Mwezi ujao: kuandaa kitalu cha mpunga kabla ya masika.