Mutoto wa mbwa wa kuuzisha: mama yake iko wapi?

Ndugu wafanyakazi, wamama na vijana wa kambi, wengine watacheka. Mushahara unachelewa, maji inakatika, na sindika inakuja kusema mambo ya imbwa? Ndiyo, imbwa. Kwa sababu kwetu imekuwa kazi. Mutu akifukuzwa ku mugodi, anatafuta jike moja ya berger allemand ao malinois, anaifunga munyororo nyuma ya nyumba, anauzisha watoto yake kwa wenye maduka na kwa wakubwa wenye lupango za ukuta murefu. Ile makuta inalipa minerval. Hatuone haya kuisema, na hatutaki mutu akatazwe.

Lakini tuangalie kule biashara hii ilitutangulia. Marekani na Ulaya kuko watu wanafuga majike makumi kwa makumi, hata mamia, ndani ya visanduku vya waya. Kila mara jike inapotaka dume, wanaipandisha, karibu mara mbili kwa mwaka, mpaka mwili unachoka. Kisha haina kazi tena. Watoto wanaachishwa maziwa mapema, wanapita mikononi mwa wachuuzi, wanafika dukani wamesafishwa vizuri. Mwenye kununua anafurahi, nyumbani mutoto anaanza kuhara damu. Na kule Marekani kanuni za Leta zinaruhusu kisanduku kinachopita urefu wa mbwa kwa sentimetre 15 tu, mukia hauhesabiwi. Ni sheria hiyo, si wizi!

Uingereza watu walikasirika juu ya jike moja ndogo, jina yake Lucy. Ilitolewa kwa mufugaji mumoja wa Wales mwaka wa 2013, mifupa ya kiuno imeshikana kwa sababu ya kukaa kisandukuni. Ilikufa 2016. Kufika tarehe 6 Aprili 2020, sheria inayoitwa kwa jina yake ilianza kazi: muchuuzi wa katikati hana tena ruhusa ya kuuzisha mutoto wa mbwa wa chini ya miezi 6. Unaenda kwa mufugaji mwenyewe, unaona mutoto pamoja na mama yake pale alipozaliwa. Ufaransa nayo, kwa sheria ya mwaka wa 2021, tangu Januari 2024 duka haliuzishe tena mbwa wala paka.

Wafugaji wanajibu: mukifunga mulango wa mbele, watu watapita dirishani. Hapo hawadanganye kabisa. Sisi tunaona vile inakuwa mukifukuza wachimbaji ku kilima: usiku wanarudi. Na inspekta tunamujua. Tulishaona mara mingapi kwenye kazi zetu, inspekta anakuja siku iliyotangazwa mbele, kofia mpya zinagawanywa asubuhi, mangaribi zinarudi depo. Hata kwa mbwa, hati ya Leta peke haitoshe. Lakini kumuona mama, hiyo haiombe inspekta. Mununuzi mwenyewe anaona kama jike iko mifupa mitupu, kama matiti imechoka, kama inaogopa mutu. Ndiyo maana tunaipenda ile sheria ya Waingereza kupita zingine.

Na ulizo lenyewe si jipya kwetu. Kila mwaka wazungu wanatuuliza cobalt yetu imetoka shimo gani, nani aliichimba, alikuwa mutoto? Wakati mingine ulizo hilo linatuumiza, kwa sababu beyi wanayotulipa hawaiulize sana. Hata hivyo ni ulizo la haki. Kwa mbwa anayelala mulangoni kwetu na kucheza na watoto wetu, tunashindwa kuuliza nini?

Kwa sababu huku kwetu hatari si kuhara peke yake. Kuko kichaa cha mbwa, ile waganga wanaita rage. Karibu watu wote wanaokufa nayo ulimwenguni waliumwa na mbwa, na dalili zikishaonekana hakuna dawa ya kuponya. Kwa kawaida chanjo ya mbwa inaanza ku miezi 3. Basi mutu anayekuonyesha mutoto wa juma 6 na karine inayosema «rage, amekwisha», muulize vizuri, na umuombe karine ya mama. Na mbwa akiuma mutoto, hata kidogo, hata mbwa wa jirani tunayemujua: osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, na mutoto apelekwe hospitali siku ileile kwa sindano. Si kungojea kuona.

Kwa ndugu wanaofuga, tunasema wazi: jike moja ipumuzike, izae mara moja kwa mwaka, isikule bukari tupu, na mutoto asitoke mbele ya juma 8. Beyi ya chanjo muiweke ndani ya beyi ya mbwa. Yule mwenye ukuta murefu ataweza kulipa, tusimuhurumie sana.

Kwa madelege: tunaomba jambo hili liingie ku mukutano unaokuja. Mutuelle itafute munganga wa nyama, aje kambini siku moja, achome mbwa wote sindano, ile ya kuuzisha na ile ya bure. Tarehe 28 Septemba ni siku ya ulimwengu ya kupigana na rage. Tusipite tarehe hiyo.