Samaki wabichi Arusha: barafu kwanza, mtambo baadaye

Arusha haina bahari. Kutoka Tanga ni zaidi ya kilometa 400 kwa barabara, na kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya 600. Hata hivyo mahoteli ya jiji na ya kuzunguka Mlima Meru hupokea wageni waliozoea kula jodari na chaza bila kupikwa, na mgeni wa namna hiyo haogopi bei. Ndiyo maana ufundi wa kuhifadhi vyakula vya baharini kwa shinikizo kubwa unastahili kupigiwa hesabu na kila mwenye mtaji katika biashara ya samaki. Swali ni kama hesabu hiyo inakubali.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuelewa. Chakula hufungwa katika mfuko wa plastiki ulioondolewa hewa na kupangwa ndani ya silinda nene ya chuma. Silinda hujazwa maji baridi, kisha pampu huyabana hadi shinikizo lifike mara 3,000 hadi 6,000 ya lile la hewa ya kawaida. Hata katika kina kirefu kuliko vyote baharini shinikizo ni kama mara 1,100 tu. Kwa kuwa maji hubana pande zote sawasawa, mzigo haupondeki. Baada ya dakika chache bakteria wengi waletao maradhi, wakiwamo wa kipindupindu, huwa wamekufa bila moto kuhusika.

Wajapani waliuza jamu ya kwanza ya namna hii mwaka 1990. Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini wafanyabiashara wa chaza wa Louisiana, Marekani, nao wakaingia. Walipata faida mbili kwa mpigo: vijidudu hatari vilipungua, na msuli unaoshika gamba uliachia, chaza akafunguka bila kisu.

Kwa mfanyabiashara wa Arusha, hata hivyo, kuna mambo matatu ya kupima kabla ya kugonga mlango wa benki. Kwanza, shinikizo linapofika kama mara 3,000, nyama ya samaki hugeuka nyeupe kama iliyochemshwa. Mteja aliyeagiza jodari mwekundu atairudisha sahani. Pili, mtambo huua vijidudu lakini hauondoi sumu iliyokwisha kujitengeneza. Jodari au nguru aliyekaa juani bila barafu hujaa histamini, na hiyo haiondolewi na shinikizo wala na moto. Tatu, mbegu za baadhi ya bakteria, wakiwamo wa sumu ya botulizimu, hustahimili shinikizo hilo. Paketi iliyotoka mtamboni bado inadai jokofu mpaka mezani. Asiye na barafu leo, basi, hatasaidiwa na mtambo kesho.

Kisha kuna bei. Mitambo ya kibiashara huuzwa kwa mamia ya maelfu hadi mamilioni ya dola. Chukua mfano wa mtambo wa dola milioni 1 unaotakiwa kurudisha fedha yake kwa miaka 10, siku 300 kila mwaka. Hizo ni dola 333 kwa siku kabla ya riba, umeme na mishahara. Ukipitisha kilo 200 za samaki kwa siku, kila kilo inabeba dola 1 na senti 67. Ukipitisha tani 5, mzigo huo unashuka hadi chini ya senti 7.

Tani 5 kwa siku si mzigo wa kutafutwa katika samaki wabichi wa mahotelini. Ni mzigo wa shambani. Maparachichi ya miteremko ya Meru na ya Siha ng'ambo ya pili yana dosari moja sokoni: nyama yake ikishapondwa huwa nyeusi upesi na kuharibika. Tangu miaka ya 1990 Wamarekani wamekuwa wakiihifadhi kwa shinikizo hili hili na kuiuza, na juisi za matunda zikafuata. Tunda dogo au lenye alama, ambalo mnunuzi wa nje hulikataa, lingepata soko la namna hiyo.

Kwa hiyo, kama mtambo utakuja Arusha, heri uje kama mashine ya kusaga. Mwenye mashine hamiliki mahindi. Kila mtu huleta debe lake, hulipia na kuondoka. Parachichi na juisi zibebe gharama, chaza na kamba wapewe zamu yao.

Kwa sasa fedha ya mfanyabiashara wa samaki ina kazi nyingine: madeli, barafu kuanzia chomboni, gari la jokofu, na friza la kweli. Samaki wa kuliwa mbichi akigandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, minyoo yake hufa, ingawa bakteria wengine hubaki hai.

Uzembe katika jambo hili haumlipizi mzembe peke yake. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, na waliokuwa wasafi wakalala njaa pamoja na wachafu. Hoteli moja ikilaza wageni hospitali, oda za samaki zitakatwa mji mzima, na dola milioni 1 za mtambo hazitazirudisha.