Mwana Msomi Anapougua Akili



Wapendwa, zipo familia ambazo huwaombea wagonjwa wa wengine kwa sauti, ila mgonjwa wao humtaja moyoni tu. Miongoni mwao wamo wazazi wa kijana aliyekuwa fahari ya ukoo: aliongoza darasani, akahitimu chuo kikuu, akapata kazi nzuri, kisha akaanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akazama katika huzuni isiyoondoka. Magonjwa makali ya akili, kama skizofrenia, mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, yaani wakati uleule mzazi anapongojea matunda ya ada aliyolipa. Ndiyo maana pigo hili huuma mara mbili.

Hapo wazazi wengi hushikilia cheti. Aliyesoma kiasi kile, husema, hawezi kuugua. Amerogwa, au amekuwa mvivu. Sisi twaona kwamba usomi si kinga ya ugonjwa, wala ugonjwa si ushahidi kwamba akili ya mtu imekwisha. Mtazameni Alicia Nash, mzaliwa wa El Salvador aliyesomea fizikia huko Marekani. Mumewe John, mwanahisabati, aliugua skizofrenia miaka mingi kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994. Mwana wao naye akapatwa na maradhi yaleyale tangu ujanani, na hata hivyo akapata shahada ya uzamivu ya hisabati. Shahada haikumponya; ugonjwa nao haukuifuta. Mama huyo alifanya kazi, akawatunza wote wawili, akawatetea wagonjwa wa akili hadharani, hadi alipofariki pamoja na mumewe katika ajali ya gari mwaka 2015.

Kumlea mtu mzima ni jambo jingine kabisa. Hatuwezi kumpeleka kliniki kwa fimbo kama tulivyompeleka shule. Twaweza kumsindikiza, kumuuliza bila kumpeleleza kama amemeza dawa, kumpikia, na kukaa kimya naye anapotaka kimya. Akisema anataka kufa, basi tusingoje: afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Lililo gumu zaidi, kwa maoni yetu, ni kuacha kuyapima maisha yake kwa kipimo cha zamani. Swali la atarudi lini kazini humchoma, hata likiulizwa kwa upendo. Iko miezi ambayo kuamka, kuoga na kula mezani pamoja na wenzake ni kazi kubwa kuliko mtihani wowote aliowahi kufaulu.

Na sala je? Tusali sana, na ugonjwa ukiwa mkali tumwite padre kwa Mpako wa Wagonjwa, kama tufanyavyo kwa mwenye saratani. Lakini anayemwambia mgonjwa atupe vidonge kwa kuwa ameombewa anacheza na uhai wa mtu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, humheshimu tabibu na kufundisha kwamba dawa pia hutoka kwa Bwana.

Jumuiya zetu ndogondogo, zilizokwenda kula pilau siku ya mahafali, zinaijua njia ya nyumba ile. Ziende tena, bila kupeleka mganga wala ushauri mrefu. Zikae na kijana jioni moja, wazazi wapate hata usingizi.