Watoto wa Waandishi Wanasoma Wapi?

Januari hii nimemwandikisha binti yangu darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali, hapa hapa Tabora mjini. Nilibeba cheti chake cha kuzaliwa, nikapanga foleni chini ya mwembe pamoja na akina mama wa Isevya na Ng'ambo. Mwalimu aliyekuwa anaandika majina alinitazama, akautazama mkoba wangu wa kompyuta, akauliza kwa upole, "Mama, una hakika hujakosea shule?"

Swali hilo nimeshaulizwa na wengi tangu siku ile, na karibu wote ni watu wa vitabu. Mmoja ni mshairi ambaye mashairi yake nimeyasifu hadharani. Alinipigia simu usiku, sauti ya chini kama anayetoa pole ya msiba: "Kwani mmekwama ada, dada? Sema tusaidiane."

Hatujakwama. Ada tungeibanabana ikapatikana. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba ule mshangao wa mshairi ndio ugonjwa wenyewe.

Hebu tujitazame, sisi tunaojiita wapenzi wa fasihi ya Kiswahili. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa mashairi, hotuba na picha za kofia za mkono. Kila uzinduzi wa kitabu lazima atokee mtu wa kulalamika kwamba vijana hawasomi. Sawa. Ila kesho yake saa kumi na moja alfajiri basi la njano linapiga honi getini kwa mlalamikaji, linamchukua mtoto wake kumpeleka mahali ambapo kuongea Kiswahili uwanjani ni kosa. Yaani tunataka mtoto wa jirani ndiye awe msomaji wetu. Wa kwetu tunamwandalia lugha nyingine.

Nami nilikaribia kupanda basi hilo hilo. Mwaka jana nilimpeleka binti yangu kwenye usaili katika shule moja ya mchepuo wa Kiingereza. Jina lake halihusu. Mtoto wa miaka minne akawekwa kwenye kiti, akaonyeshwa picha ya tunda. Akasema kwa furaha, "Embe!" Mwalimu akatikisa kichwa, akasubiri. Mtoto akadhani hakusikika, akasema kwa nguvu zaidi, "Embe!" Mwalimu akaandika kitu kwenye fomu. Nikachungulia. Ameandika: hajui.

Jamani, mtoto wa Tabora hajui embe! Mji huu umejaa miembe, na mingine wazee wanaitaja kuwa ya zama za misafara. Binti yangu anajua dodo na sindano, anajua la kuokota na la kuangua, anajua ukila bichi na chumvi meno yanavyokufa ganzi. Lakini kwa kuwa alilitaja kwa lugha ya nyumbani kwao, kumbukumbu yake ya kwanza kabisa ya kielimu ilitaka kuwa neno "hajui". Nilimshika mkono tukaondoka.

Najua mtu atasema Kiswahili chenyewe hapa ni mgeni. Ni kweli, na sitaki kulikwepa hilo. Bibi mzaa mama yangu mpaka leo anatuamkia "mwangaluka", na Kiswahili chake kina lafudhi nzito ya Kinyamwezi. Kiswahili kilifika Unyanyembe kwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, njia ya pembe za ndovu na ya watumwa. Hakuna cha kuipamba njia ile. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi waliichukua lugha ile pamoja na mizigo, wakaifikisha Ujiji na kuvuka nayo ziwa. Hawakuipokea tu. Waliifanya yao. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi jirani na Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa mwaka 1905, na ile ni moja ya tawasifu za mwanzo kabisa za lugha hii. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, simtetei. Nasema tu kwamba barabara hii ilikuwa na maandishi yake ya Kiswahili kabla babu zetu hawajaona treni, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912.

Sasa tuje karibu. Abdulrazak Gurnah alichapisha Paradise mwaka 1994, riwaya inayosafiri na msafara kutoka pwani kuingia bara. Tuliisubiri kwa Kiswahili hadi mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel, Ida Hadjivayanis alipoitafsiri kwa jina la Peponi. Miaka 28! Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Swali langu ni dogo: nani ataisoma mwaka 2040? Msomaji wa mwaka 2040 yuko darasa la awali leo. Anajifunza herufi sasa hivi, na mahali anapojifunzia ndipo tunapopakimbia.

Tuzichukue hoja za upande wa pili moja moja, maana si za kijinga.

Ya kwanza ni msongamano. Sitadanganya. Nilipitia dirisha la darasa la pili nikahesabu watoto 94, wengine wanne dawati moja. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Watoto wakaja kwa wingi, kama walivyostahili kuja, na vyumba havikuongezeka kwa kasi ile. Kwa hiyo sisemi kwamba shule ile ni nzuri. Nasema imebaki vile kwa sababu wenye midomo tuliondoka. Mama muuza matobolwa akisimama kwenye mkutano wa wazazi kuuliza michango ilikokwenda, anaambiwa akae. Mwandishi wa habari akiuliza, mtu anafungua daftari. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, na mimi nataka nikae kwenye ule mkutano.

Ya pili ni sekondari. Sera ya elimu ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kufundishia katika ngazi zote. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mtoto akifika kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza kama ukuta. Hili ni dhuluma, na linawaumiza zaidi watoto wa shule kama hii. Lakini tangu mwaka 1953 wataalamu wa UNESCO walishauri mtoto aanzishwe kusoma kwa lugha anayoielewa. Kiingereza nitamfundisha, tena vizuri. Akisome kama somo. Kisiwe mzani wa kumpimia kama ana akili.

Hapo huwa naletewa Nyerere: eti mbona yeye alisoma kwa Kiingereza hapa hapa Tabora, kwenye shule iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa machifu? Ndiyo. Lakini aliingia darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12, na Tabora alikuja mwaka 1937. Kiingereza kilimkuta tayari ana lugha kichwani na neno la kila kitu alichokiona. Labda ndiyo maana alipokua aliweza kumchukua Shakespeare na kumleta kwetu kwa Kiswahili. Mtu hawezi kutafsiri kwenda kwenye lugha aliyofundishwa kuionea aibu.

Hoja ya tatu ni ya mume wangu, na ndiyo inayoniuma. Aliniambia, "Mama Wawili, mtoto si makala yako." Tulinyamaza jikoni muda mrefu. Ana haki. Nikiwa nimekosea, nitakayeaibika ni mimi, lakini atakayelipa ni yeye. Kwa hiyo tumewekeana sharti: akifika darasa la tatu hawezi kusoma kitabu cha hadithi peke yake na kutusimulia, tutakaa upya, na mimi nitameza maneno yangu. Lakini nilimjibu pia kwamba basi la njano nalo ni makala. Linaandikwa kila asubuhi, na mtaa mzima unaisoma: shule hii ni ya wasio na uwezo, lugha hii ni ya wasio na uwezo.

Sisemi kila msomaji wa hapa amhamishe mtoto wake kesho. Kila mtu anajua nyumba yake. Ninachodai ni kwamba tuache unafiki. Kama mwanao yuko huko, nenda ukaulize kwa nini Kiswahili ni kosa uwanjani, na usikubali jibu la mzaha. Kama huna mtoto, shule ya serikali ya mtaani kwako ina mwalimu mkuu. Mpelekee vitabu vitano vya hadithi, kisha rudi baada ya mwezi uone kama vimefungiwa kabatini. Kama una kitabu kipya, kizindulie chini ya mwembe wa shule kabla ya kukizindulia hotelini.

Na yule mwalimu wa foleni nilimjibu kwamba sijakosea shule. Kisha nikamwuliza kamati ya shule inakaa lini. Akacheka, akaniandikia tarehe nyuma ya fomu.