Si kila uvimbe wa ubongo huhitaji kisu: Funzo kutoka Gusii

WAKAZI wa Kisii na Nyamira ni warithi wa historia ya tiba ambayo ni jamii chache duniani ziwezazo kuisimulia. Miaka mingi kabla ya hospitali kubwa kujengwa katika eneo hilo, Abagusii walikuwa na mabingwa wao wa kupasua fuvu la kichwa. Bingwa wa aina hiyo aliitwa omobari omotwe.

Kazi yake ilijulikana hata nje ya mipaka ya nchi. Mwaka wa 1958, jarida la madaktari wa Afrika Mashariki lilichapisha makala kuhusu upasuaji huo, na mwaka wa 1985 kundi la madaktari likaueleza kwa kina katika jarida la kimataifa la upasuaji. Wote walistaajabia jambo moja: wagonjwa wengi walipona, ingawa kazi ilifanywa nyumbani na kwa vifaa vya kawaida.

Siri ya kupona huko ilikuwa katika mpaka ambao omobari hakuthubutu kuuvuka. Alipasua ngozi, akaukwangua mfupa taratibu, kisha akasimama alipofikia utando mgumu unaoufunika ubongo. Wagonjwa wake walikuwa hasa watu waliopigwa rungu, waliogongwa au kuanguka, kisha wakasumbuliwa na maumivu ya kichwa yasiyokwisha. Hakuingia ndani ya ubongo, na hakudai kuondoa uvimbe.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya upasuaji huo wa jadi na tatizo linalowakabili madaktari na familia za leo. Kufungua fuvu si jambo geni Gusii. Jambo gumu ni kujua kilichomo ndani, mahali kilipo, na iwapo kukiondoa kutamfaa mgonjwa kuliko kukiacha.

Ulimwengu wa Magharibi nao ulijifunza hayo kwa taabu. Mnamo Novemba 1884 jijini London, daktari Rickman Godlee aliondoa uvimbe kutoka katika ubongo wa kijana mmoja. Picha za eksirei hazikuwa zimevumbuliwa. Mahali pa uvimbe palitambuliwa na daktari mwenzake, Hughes Bennett, kwa kuchunguza jinsi mkono na mguu wa mgonjwa ulivyokuwa ukitetemeka na kulegea. Uvimbe ulipatikana pale pale alipotabiri. Hata hivyo, mgonjwa alifariki baada ya wiki chache kwa sababu kidonda kilipata maambukizi.

Tangu hapo ujuzi umepiga hatua kubwa, lakini kanuni ni ile ile: dalili husomwa kwanza, kisu hufuata baadaye.

Uvimbe wa ubongo ni mkusanyiko wa chembechembe zinazoongezeka pasipo mpango, ama ndani ya ubongo wenyewe, ama katika tando zake, neva au tezi zilizo karibu. Shirika la Afya Duniani, WHO, huupanga katika daraja nne. Daraja la kwanza hukua polepole na mara nyingi unaweza kuondolewa wote. Daraja la nne ni saratani kali inayosambaa kwa kasi.

Uvimbe unaoota kwenye tando, uitwao meninjioma, ndio unaopatikana zaidi miongoni mwa aina zinazoanzia ndani ya kichwa. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na mwingi wake si saratani. Kwa upande wa pili ipo glioblastoma, ya daraja la nne, ambayo hujipenyeza ndani ya ubongo kama mizizi. Hata mgonjwa akipasuliwa, akapewa tiba ya mionzi na dawa, kwa kawaida maisha hurefushwa kwa miezi kadhaa hadi mwaka mmoja au miwili, na wachache tu huvuka hapo. Upo pia uvimbe unaotokana na saratani iliyoanzia kwingine, kama vile kwenye mapafu au titi, kisha ikasafiri kupitia damu.

Hata uvimbe usio wa saratani waweza kuua. Fuvu la mtu mzima ni kama chungu kisichotanuka. Ndani yake mmejaa ubongo, damu na maji maalumu yanayouzunguka ubongo. Kitu cha nne kikiingia na kukua, hakuna nafasi ya kukipisha. Shinikizo hupanda, na njia ya maji hayo ikizibwa, hali ya mgonjwa yaweza kuzorota kwa saa chache tu.

Je, mwananchi atajuaje kwamba kichwa kinachouma si kile cha kawaida? Maumivu mengi ya kichwa hayatokani na uvimbe, na hofu isiyo na msingi haimsaidii mtu. Lakini zipo ishara zisizopaswa kupuuzwa. Ya kwanza ni maumivu yanayozidi wiki baada ya wiki, yanayomwamsha mtu alfajiri na kuandamana na kutapika. Ya pili ni kifafa kinachomwanza mtu mzima ambaye hajawahi kuwa nacho. Nyingine ni mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kupotea mdomoni, macho kufifia au kuona vitu viwili viwili, masikio kupungua nguvu upande mmoja, na tabia ya mtu kubadilika hadi jamaa zake wakashindwa kumtambua.

Kwa mtoto, dalili huweza kuwa kutapika asubuhi, kuyumba anapotembea, au kichwa cha mtoto mchanga kuongezeka ukubwa kupita kiasi.

Katika eneo hili dalili hizo zina uzito wa pekee, kwa sababu mtu anayeanguka kifafa au kubadilika ghafla huweza kudhaniwa amerogwa. Dhana hiyo imewahi kugharimu maisha. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na umati huko Marani, Kaunti ya Kisii, wakituhumiwa kuwa wachawi. Jamii inayotafuta mchawi kila ugonjwa usioeleweka unapozuka huwapoteza watu mara mbili: mgonjwa anayecheleweshewa tiba, na jirani asiye na hatia.

Si kila dalili ya aina hii ni uvimbe. Maambukizi kadhaa huonekana kwenye picha kama uvimbe ilhali hutibiwa kwa dawa. Kifua kikuu kinaweza kufanya donge ndani ya ubongo. Mtu anayeishi na virusi vya ukimwi ambaye kinga yake imeshuka anaweza kupata vidonda vya toksoplasmosisi. Mayai ya tegu wa nguruwe, yanayoingia mwilini kupitia chakula au maji machafu, huweza kuleta vifuko vya mabuu katika ubongo na kusababisha kifafa. Daktari anayekimbilia kisu bila kuyachunguza haya humtia mgonjwa hatarini bure.

Ipo pia damu inayovuja taratibu chini ya utando baada ya kichwa kugongwa. Mzee aliyeteleza shambani huweza kuonekana mzima, kisha baada ya wiki tatu au nne akaanza kusahau, kusinzia na kuburuta mguu. Jamaa husema ni uzee. Kumbe damu hiyo ingeweza kuondolewa kupitia tundu dogo kwenye fuvu, na mzee akarejea katika hali yake. Ni upasuaji ambao omobari wa kale angeutambua kwa sura, ingawa mbinu na usafi wake ni tofauti.

Ndiyo maana picha ni lazima. Skani ya CT huchukua dakika chache na huonyesha damu, uvimbe mkubwa na maji yaliyozibwa. Skani ya MRI huonyesha kwa undani zaidi mahali uvimbe ulipo na sehemu za ubongo zilizoguswa. Lakini picha pekee haitoshi kila mara. Jina kamili la ugonjwa hujulikana baada ya kipande cha uvimbe kuchunguzwa katika maabara.

Baada ya hapo ndipo swali la upasuaji hujibiwa. Kwa jumla, madaktari huona kisu kinahitajika katika hali tatu. Kwanza, shinikizo linapotishia maisha, au maji ya ubongo yanapokosa njia. Hapo upasuaji ni wa dharura. Pili, uvimbe unapoleta dalili au kuonekana ukikua, na uko mahali panapofikika bila kuharibu uwezo wa kusema, kuona au kutembea. Tatu, panapohitajika kipande cha uvimbe ili ugonjwa utambuliwe na tiba ichaguliwe.

Lengo nalo hutofautiana. Meninjioma iliyo juu ya ubongo huweza kuondolewa yote na mgonjwa akawa amepona. Uvimbe uliojipenyeza hupunguzwa tu, kadiri usalama unavyoruhusu, kisha mionzi na dawa zikaendeleza kazi. Familia inapaswa kuambiwa mapema ni lengo lipi linalokusudiwa, kwani wengi huuza mali wakidhani wananunua uponyaji, ilhali walichoahidiwa ni muda.

Zipo pia nyakati ambapo kutopasua ndiyo tiba bora. Meninjioma ndogo iliyogunduliwa kwa bahati kwa mtu asiye na dalili, hasa mzee, huweza kufuatiliwa kwa skani za mara kwa mara. Uvimbe fulani wa tezi ya pituitari, ule unaozalisha kwa wingi homoni ya maziwa, mara nyingi hunywea kwa vidonge. Limfoma ya ubongo hutibiwa kwa dawa na mionzi baada ya kipande kidogo kuchukuliwa. Na uvimbe uliotapakaa ndani ya shina la ubongo, unaowapata hasa watoto, hauwezi kukatwa bila kuharibu sehemu inayoongoza pumzi na mapigo ya moyo.

Wakati uamuzi ukisubiriwa, dawa za steroidi huweza kupunguza uvimbe wa maji unaouzunguka uvimbe wenyewe, na dawa za kifafa huzuia mtukutiko. Nafuu hiyo imewadanganya wengi. Maumivu yanapotulia, mgonjwa hurudi nyumbani akiamini amepona, huku chanzo kikiendelea kukua. Aidha, steroidi hazifai kuachwa ghafla bila ushauri wa daktari.

Changamoto kubwa ya Gusii ni njia iliyopo kati ya dalili na uamuzi. Mgonjwa wa Borabu au Nyamache huanza kwa dawa za maumivu dukani, kisha zahanati, kisha hospitali ya kaunti, na miezi ikapita kabla ya mtu yeyote kutaja skani. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ndiyo tegemeo la eneo zima, ikiwapokea wagonjwa kutoka Nyamira na kaunti jirani. Hata hivyo, kwa upasuaji mgumu na tiba ya mionzi, wengi wamelazimika kusafiri hadi Eldoret katika Hospitali ya Moi, au zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi.

Safari hiyo ina gharama zisizoandikwa kwenye risiti ya hospitali: nauli, malazi ya anayemuuguza mgonjwa, na siku za kazi zilizopotea. Familia za wakulima wa majani chai husubiri bonasi, huuza ng'ombe au huitisha harambee. Kwa meninjioma inayokua polepole, kusubiri huko huenda kusilete madhara makubwa. Kwa mtoto ambaye maji ya ubongo wake yamezibwa, kusubiri bonasi ni hukumu.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua mahali pa bima ya NHIF, kujisajili na kulipa mchango mapema kumekuwa jambo la msingi. Anayeanza kushughulikia usajili akiwa tayari yuko wodini hupoteza siku ambazo ubongo wake hauna. Serikali za kaunti nazo zina wajibu usioweza kusukumwa Nairobi. Zinapaswa kuhakikisha mashine za skani zinafanya kazi, wapo wa kuzisoma picha, na wahudumu wa zahanati wanajua ni maumivu gani ya kichwa hayastahili kupewa vidonge tena.

Uangalifu huo unahitajika hata katika hospitali kubwa. Mwaka wa 2018 taifa lilishtuka iliporipotiwa kwamba katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta fuvu la mgonjwa asiyehitaji upasuaji lilifunguliwa baada ya kuchanganywa na mwingine aliyekuwa na damu iliyoganda. Tukio hilo liliwakumbusha wote kuwa mgonjwa na jamaa zake wana haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi: Ugonjwa ni upi? Picha inaonyesha nini? Upasuaji unakusudia kuponya, kupunguza au kuchunguza? Kuna hatari gani ya kupoteza usemi, macho au nguvu? Tukingoja, nini kitatokea? Na baada ya upasuaji, tiba itaendelea wapi?

Maswali hayo si dharau kwa daktari. Daktari bingwa huyajibu kila siku, na pale ambapo jibu halieleweki, maoni ya daktari wa pili ni haki ya mgonjwa.

Ababari wa zamani waliheshimiwa Gusii kwa sababu walijua pa kusimamia. Ujuzi wa leo umeusogeza mpaka huo hadi ndani kabisa ya ubongo, lakini haukuufuta. Kwa familia ya Kisii au Nyamira inayomwona mtu wake akitapika kila alfajiri, au akianguka kifafa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 40, hatua ya kwanza ni kumfikisha penye skani mapema, ili anayeamua kuhusu kisu awe daktari aliyekwisha kuona kilichomo ndani.